Toleo Lisilojua Majina

Jina la brauza ile silitaji. Si kwa heshima. Silitaji kwa sababu kampuni iliyoitengeneza ina mawakili wengi kuliko watu wazima wote wa Muyama, kijijini kwetu, na mshahara wangu hautoshi kumlipa hata wakili mmoja wa Kasulu mjini. Itoshe kusema ulikuwa mwaka tisini na tisa, brauza yenyewe imefika toleo la tano, na toleo hilo lilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kufanya kazi kwa umeme wa jenereta.

Siku hizi vijana wanaiita kivinjari. Sisi tulisema brauza tu, yaani kile kidude ndani ya kompyuta kinachokufungulia kurasa za tovuti. Na mimi, Tharsisi, ndiye niliyekuwa mtengenezaji wa tovuti pekee niliyemfahamu kati ya Kigoma na Nyakanazi. Usicheke. Nilisoma kompyuta Dar es Salaam, nikarudi nyumbani na cheti kimoja na kitabu kimoja kinene, na shirika fulani la kusaidia wakimbizi likaniajiri pale Kibondo kabla sijamaliza kufungua begi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Watu walikuwa wamekimbia vita Burundi na Kongo, wakapotezana njiani. Wengine waliangukia kambi za Kibondo, wengine za Kasulu, mume huku na mke kule, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakufa. Shirika likapiga picha kila kaya kambini, mimi nikatengeneza tovuti ya kutafutana. Unakuja ofisini, unataja jina la mkuu wa kaya, tunalibonyeza upande wa kushoto, na picha ya kaya yake inatokea upande wa kulia. Picha zote nilikuwa nimezificha isipokuwa ile iliyoitwa kwa jina, maana mashine zetu zilikuwa dhaifu na zikilemewa zinagoma. Ilikuwa kazi safi sana. Wakati wa chai nilikuwa naifungua bila sababu, naitazama kama mtu anavyomtazama ndama wake.

Ukiuliza mtandao ulikuwa wapi, mtandao ulikuwa Dadi. Dadi alikuwa dereva, na kila wiki alibeba diski zenye picha mpya kutoka Kibondo kwenda Kasulu na kutoka Kasulu kuja Kibondo kwa Landikruza ya mradi. Masika moja tovuti yangu ilikwama kwenye tope la Makere kutwa nzima, ikavutwa na trekta. Huko Kasulu diski zilipokelewa na Serge, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa mwalimu kwao Uvira na sasa ndiye karani wetu. Tulifanya kazi hivyo miaka miwili na hakuna aliyelalamika.

Isipokuwa Esteri.

Esteri alikuwa Mrundi, mwanamke wa umri wangu hivi, anaishi kwenye kambi moja ya karibu na Kibondo. Alikuwa anakuja ofisini kila siku ya soko. Mwaka tisini na sita walivamiwa mlimani kwao akiwa bondeni anavuna maharage. Mumewe aliuawa. Baba mkwe wake alimnyakua mtoto, binti wa miaka minne, akamtia mgongoni na kukimbia. Esteri alikimbilia upande mwingine, akavuka mto Muragarazi, akatokea Kibondo peke yake. Baadaye mtu mmoja akamwambia kwamba mzee na mtoto walionekana wakielekea kusini, njia ya Kasulu. Mtoto anaitwa Aline. Kambini watu walimwita Esteri kwa jina lake la ubatizo kama msichana, maana mtoto wa kumwitia hakuwepo.

Siku ya kwanza nilimkalisha mbele ya mashine kwa madaha yote.

"Haya dada. Jina la mkuu wa kaya?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Ni babu yake Aline."

"Jina lake, dada Esteri. Jina."

Akatazama sakafu. Nami nikaelewa. Kwetu Uha ni hivyo hivyo. Mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Mama yangu mzazi alimwita babu yangu "mwenye mji" mpaka tulipomzika, na hata siku ya mazishi alipoulizwa na padri, alinisukuma mimi mbele nijibu. Desturi hiyo naijua tangu nikiwa mgongoni. Ila kitabu changu kinene kutoka Dar hakikuwa na sura inayohusu wakwe.

Nikamwambia aandike. Hajui kuandika. Nikamuuliza watu wa mlimani kwao wanaomjua mzee. Wote walipotea njia nyingine. Nikasema nitamsomea majina ya wakuu wa kaya wa Kasulu, yeye aitikie kwa kichwa tu.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Kuitikia ni kutaja bila mdomo."

"Basi nieleze alivyo."

"Mrefu. Mpole. Mweusi."

"Dada, hiyo ni nusu ya Burundi."

Wazo la kumfungulia picha zote moja moja halikunijia; kwangu mimi kutafuta kulianza na jina. Nikajaribu kumtafuta mtoto. Lakini mtoto hakuwa na ukurasa wake. Alikuwa sura ndani ya picha ya kaya, na kaya ilikuwa na jina la mkubwa wake. Kwenda Kasulu mwenyewe hakuruhusiwa, kwa kuwa nje ya wilaya mkimbizi alikwenda kwa kibali, na kibali kilitaka jina la mtu anayekwenda kumwona. Kila mlango ulikuwa na kufuli ile ile.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamfokea. Nikamwambia, "Mwanao yuko huko! Neno moja tu, Esteri! Mungu mwenyewe atakusamehe!"

Hakukasirika. Alinijibu taratibu, Kirundi chake na Kiha changu vikielewana kama kawaida. "Mtu huyo alimbeba mwanangu mgongoni risasi zikilia. Leo hii kama Aline anakula, anakula mkononi mwake. Halafu mimi nimvunjie heshima mbele yako na hicho kisanduku?"

Akaaga, akarudi siku ya soko iliyofuata, na iliyofuata.

Sasa ndipo linapokuja toleo la tano.

Mkuu wetu wa ofisi aliitwa Bwana Khatibu, mtu wa Tanga, muungwana wa watu, shati lake limenyooka hata siku za vumbi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kitu chochote kikiitwa kipya, anakipenda. Asubuhi moja alikuja mezani kwangu ameshika diski inayong'aa kwa ncha za vidole.

"Tharsisi, makao makuu wameleta brauza mpya. Iwekwe kwenye mashine zote, hapa na Kasulu. Ijumaa tuna wageni, wafadhili wenyewe, nataka waikute."

"Bosi, hii tuliyonayo ina kosa gani?"

"Ni ya zamani."

"Hata wewe bosi ni wa zamani, na hatukuondoi."

Alicheka kwa meno bila macho. Nikaichukua diski.

Alhamisi nikaiweka. Ilitaka nafasi kwenye mashine, nikaipa. Ikataka nafasi zaidi, nikafuta nyimbo zangu za rumba. Ikaniletea masharti marefu kuliko mahubiri ya Kwaresma, ikauliza kama nakubali, nikakubali bila kusoma kama wanavyofanya Wakristo wote. Ikazima mashine bila ruhusa, ikaiwasha tena, ikatoa muziki wa kujisifu. Yote hayo niliyavumilia. Kisha nikafungua tovuti yangu.

Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Majina yote yamefutika. Upande wa kulia picha zote zilikuwa zinamiminika kwa mpigo, moja chini ya nyingine, kaya baada ya kaya, hakuna jina, hakuna namba, sura tupu. Wale mabwana wa ng'ambo walikuwa wamebadilisha namna ya kuandika maagizo. Agizo langu la kuficha picha toleo jipya halikulitambua, na agizo la kuonyesha majina halikulitambua pia, likaamua lenyewe kuonyesha kisichotakiwa na kuficha kinachotakiwa. Kazi yangu ya miaka miwili ikawa kama gunia la viazi lililopasuka barabarani. Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, Kiha na kile Kiingereza kidogo nilichokuwa nakihifadhi kwa ajili ya wageni.

Nikakimbilia redio. "Kasulu, Kasulu, hapa Kibondo. Serge, umeshaiweka?"

"Oui, patron, nimeiweka," Serge akajibu, sauti inakwaruza. "Iko naleta bantu bote mara moja, sawa vile kanisa siku ya dimanche! Majina yote ilipotea!"

"Usiguse kitu. Naandaa maneno ya kumwambia Khatibu."

"Muambie pole pole, patron. Mimi niko na watoto."

Kusema kweli, chini ya hasira kulikuwa na raha kidogo. Nilimwambia, akakataa, sasa atakoma. Diski za toleo la zamani nilikuwa nazo kwenye droo. Nilitaka Khatibu aje, aone, aombe mwenyewe kwa mdomo wake, ndipo nizitoe. Kwa hiyo niliacha picha ziendelee kumiminika pale kwenye kioo, nikakunja mikono.

Ilikuwa siku ya soko. Benchi lilijaa wanawake waliosubiri kutafutiwa watu wao, Esteri akiwa mmoja wao. Walipoona sura zinapita kwenye kioo walianza kusogea, mmoja mmoja, bila kuitwa. Hakuna aliyeuliza kitufe gani kibonyezwe. Walisimama nyuma ya kiti changu wakitazama, na mara kwa mara mmoja aliguna, "Ehe, huyo ni wa Ruyigi, namjua." Sikuwajali. Nilikuwa nasubiri bosi.

Ghafla Esteri akapotea. Nilipogeuka nilimwona yuko chini kwenye sakafu ya saruji, amepiga magoti, kitenge amekivuta mpaka usoni, macho yake kwenye miguu ya meza. Alikuwa anapiga makofi taratibu, yale ya kumsalimu mkubwa, na kusema kwa sauti ndogo, "Amahoro. Amahoro, mzazi wetu. Mmeamkaje? Hapo mlipo kuna amani?" Aliisubiri kompyuta ijibu, kisha akaendelea na salamu za nyumbani, za ng'ombe, za mavuno.

Khatibu alikuwa ameingia wakati huo huo. "Subhanallah! Anaiabudu?"

"Hapana, bosi," nikasema, na sauti yangu yenyewe niliisikia imebadilika. "Anamsalimia mkwe wake."

Nikageukia kioo. Sura nyingine kabisa zilikuwa zinapita. "Esteri! Ni yupi?"

"Ameshapita."

"Simama uniambie ni yupi!"

"Siwezi kumtazama usoni mpaka anijibu."

Nikashika mausi niirudishe picha nyuma. Toleo la tano likafikiri kidogo, likafikiri tena, kisha likaganda. Kioo kizima kikawa bluu. Nikaizima mashine kwa kidole, nikaiwasha upya. Picha zikaanza tena kutoka mwanzo, moja moja, bila haraka yoyote.

"Tharsisi," Khatibu akasema, sasa amekiona kilichotokea kwenye tovuti. "Majina yako wapi? Uchafu gani huu?"

"Ni kitu kipya, bosi."

"Kiondoe! Rudisha ya zamani sasa hivi. Wageni hawaji kesho, wamekuja leo. Dadi yuko nao kiwanja cha ndege!"

Nusu saa nyuma ningembusu mkono. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nimeyasubiri tangu asubuhi. Lakini brauza ya zamani ingemuuliza Esteri jina, na jina Esteri hatalisema mpaka Yesu arudi. Nikaitazama ile takataka ikimwaga sura zake zisizo na majina, nikajua kwamba katika mashine zote za dunia hii, hiyo ndiyo pekee iliyomkubali Esteri kama alivyo. Niliichukia zaidi kwa sababu hiyo.

"Siondoi," nikasema.

"Unasema?"

"Siondoi, bosi, mpaka huyu dada amwone mwanawe."

Khatibu akavuta droo azichukue diski za toleo la zamani mwenyewe. Nikamuwahi. Nikazitoa, nikaziweka kwenye kiti, nikazikalia. Alisimama pale akinitazama, mtu mzima, muungwana wa Tanga, anajiuliza kama inafaa kumwinua mfanyakazi wake kwa nguvu mbele ya wanawake wote wale. Haikufaa. Nje tukasikia Landikruza inazimwa.

Nikamwinamia Esteri. "Sikiliza, dada. Safari hii ukimwona usipige magoti kwanza. Niguse bega tu."

"Nimwone mkwe wangu nisimsalimu?"

"Utamsalimu baadaye. Haendi popote."

"Mara ya kwanza alikwenda."

Hapo alinishika. Nikafikiri. "Basi usimtafute yeye kabisa. Macho yako yasimguse. Mtafute Aline."

Hilo alilikubali. Alisimama, akakishusha kitenge kwenye mabega, akaanza kutazama sehemu ya chini ya kila picha, kule watoto wanakosimama.

Wageni wakaingia. Mbele alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mrefu, ana miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliwakuta wanawake wamejazana mbele ya mashine, mtaalamu ameketi juu ya diski, na kioo kinamwaga sura. Akauliza kwa Kiingereza majina ya watu hawa yako wapi. Khatibu akaiweka sawa kola yake.

"Madamu," Khatibu akajibu, Kiingereza chake kimenyooka kama shati lake, "hili ni toleo jipya. Tumegundua kwamba si kila mtu anaweza kutafuta kwa jina. Tumewaachia watafute kwa macho." Hakupepesa jicho. Nilianza kumheshimu Khatibu siku hiyo, na sijaacha.

Yule mama alikuwa bado anatikisa kichwa kwa kuridhika Esteri aliponishika bega. Nilisema aniguse; alinifinya mpaka nikasikia maumivu kwenye jino. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Namshukuru Mungu, hicho hawakukibadilisha.

Kwenye picha kulikuwa na mzee mrefu aliyevaa koti, amekalia debe la mafuta ya msaada. Ubavuni mwake kasimama binti wa miaka sita saba, gauni kubwa kumzidi, mguu mmoja umekanyaga mwingine, ananuna kwa sababu ya jua.

"Aline," Esteri akasema. Jina hilo aliruhusiwa kulitaja. Akalitaja tena, na tena, halafu akakaa chini, na safari hii haikuwa salamu. Wanawake wakamzunguka. Mmoja akapiga vigelegele, wengine walilia, kwa Esteri na kwa picha zao ambazo zilikuwa bado hazijapita.

Nilibonyeza picha ile ikanipa namba ya faili lake, nikaitafuta kwenye orodha yangu. Kambi ya Mtabila, Kasulu. Na jina la mkuu wa kaya, hilo hapo, herufi nyeusi, miaka mitatu ya mateso imekaa mstari mmoja. Nilifungua mdomo nilitangaze kwa shangwe. Kisha nikamwona Esteri pale chini ameinamisha kichwa, amekaza mabega, anangoja nimvunjie heshima mkwe wake mbele ya wageni. Nikaufunga mdomo. Nililiandika kwenye karatasi ya kibali, nikaikunja, nikampa Khatibu. Na wewe pia sikuambii.

Siku iliyofuata Dadi alitupeleka Kasulu, mimi na Esteri. Serge alitupokea mlangoni pa ofisi, akaichukua picha niliyoichapa, akapiga kelele.

"Patron! Huyu muzee namujua! Anakuyaka hapa kila wiki! Anasema anatafuta Mama Aline. Nilimutafutia ku herufi M mupaka macho ikaniuma. Hakuna Mama Aline!"

Sikujua nicheke au nimpige. Mzee naye, kwa adabu yake, hakuona vema kumwita mke wa mwanawe kwa jina la ubatizo mbele ya karani wa watu. Kwa hiyo miaka yote walikuwa wanatafutana, huyu Kibondo, huyu Kasulu, kwenye tovuti ile ile, na wote wawili wakaishia kwenye heshima. Na mimi katikati nasifiwa kwa kazi safi.

Mtabila tulifika jua limepanda. Serge alituongoza kati ya nyumba za udongo zilizoezekwa kwa maturubai, mpaka mbele ya moja iliyokuwa na bustani ndogo ya mchicha wa lengalenga. Kiongozi wa mtaa alitaka kumwita mzee kwa sauti. Alipofungua mdomo tu, mimi na Esteri tulimshika mkono kwa pamoja.

Haikuhitajika. Mzee alikuwa ametoka mwenyewe, koti lile lile. Alimwona Esteri, akasimama, mkono wake ukashika kizingiti cha mlango. Esteri alipiga magoti pale pale njiani, mbali kidogo na mzee kama inavyotakiwa, macho chini, na kuanza makofi yake. Mzee akaitikia salamu. Aliziitikia zote, moja moja, za ng'ombe ambao hawapo tena na za mavuno waliyoyaacha bondeni, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Hakuna aliyeruka neno hata moja. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili.

Nyuma ya koti la mzee alikuwa yule binti. Alichungulia, akajificha, akachungulia tena. Alikuwa na miaka minne walipoachana. Uso wa mama yake ulikuwa umemtoka akilini. Esteri hakuweza kumsogelea bila kumsogelea mkwe wake, na mtoto hakuwa na sababu ya kumsogelea mgeni aliyepiga magoti njiani. Wakabaki wanatazamana. Nikaogopa kwamba tumefika mpaka hapa na bado hatutamfikia.

Mzee akaweka mkono kichwani kwa mtoto. "Nenda ukamsalimu," akasema.

Binti akatoka. Akasimama mbele ya Esteri, mguu mmoja juu ya mwingine kama kwenye picha, akauliza swali analouliza kila mtu kambini, lile lile nililokuwa nauliza mimi kila siku ya soko.

"Unaitwa nani?"

Esteri akainua uso. "Naitwa Mama Aline."

Mtoto akafikiri. Alimgeukia babu yake. Akamgeukia tena yule mwanamke.

"Aline ni mimi," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema. Nilikwenda kuegemea Landikruza, Dadi akanipa kitambaa chenye harufu ya grisi, nikajifuta nacho. Jumatatu yake nilianza kuandika upya tovuti nzima, picha kwanza, majina baadaye kwa anayetaka. Makao makuu walituandikia barua ya kulipongeza toleo jipya. Khatibu aliibandika ukutani. Lakini toleo la tano lilikuwa takataka, na hilo niko tayari kulisema hata mbele ya mawakili.